Mafundi mnauzia watu pedi na shuu za magurudumu wakati masta ya breki, ile pampu inayosukumwa na pedali kupeleka oili, ndo imekufa, mtaua watu!

Banange nimekasirika na sitaficha. Gari yangu ni Noah, inabeba watu Mbale kwenda Kapchorwa na kurudi, huku Uganda, na wanaoijua ile barabara wanajua kushuka kutoka Sipi kunatakaje breki, kona juu ya kona na upande mmoja ni bonde tupu. Sasa fundi anakwambia "endesha tu boss, breki iko sawa" na pedali inazama chini ya mguu wako ukiwa na akina mama na watoto nyuma. Huyo mtu analala vipi usiku?

Dalili nilimpa mwenyewe, zote. Ukiwa umesimama kwa foleni umeshika breki kidogo tu, pedali haikai, inashuka polepole mpaka karibu na kapeti. Ukiachia ukapiga mara mbili haraka inarudi juu na inakuwa ngumu kama kawaida. Oili ya breki kwenye kikopo chake haipungui, chini ya gari hakuna tone, magurudumu makavu yote. Hajakaa hata kwa kiti akakanyaga asikie! Akachukua jeki moja kwa moja, akafungua magurudumu, ati pedi zimeisha. Zikawekwa mpya, pedali ikazama. Ati basi ni shuu za nyuma. Zikawekwa, ikazama. Ati ni upepo, wakatoa upepo, ikazama zaidi ya mwanzo. Na kila hatua unalipa, pesa ya spea na pesa ya mkono.

Alipoishiwa maneno akasema ni mlima, oili inachemka. Hapo ndo nilijua huyu anabahatisha. Ni kweli oili ya breki inaweza kuchemka, ile aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia digrii 205 hivi na ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 140, ndo maana watu wanapoteza breki kwa mteremko mrefu. Lakini hiyo inakuja breki zikiwa za moto. Yangu ilikuwa inazama asubuhi, gari imelala nje kwa baridi, haijatembea hata mita moja. Hapo inachemshwa na nini?

Mafundi sikieni, hii kitu si siri. Ndani ya masta kuna pistoni mbili zimefuatana, kila moja inapeleka oili kwa upande wake wa breki, na zinazozuia oili isirudi ni raba. Raba ikichoka, au silinda ikiliwa na kutu, oili inapita pembeni ya raba inarudi ilikotoka, kwa hiyo nje hutaona kitu na kikopo kitabaki kimejaa. Ikifa ile raba ya nyuma kabisa ndo oili inaingia kwa busta, ile ngoma inayoongezea mguu nguvu, hapo kikopo kinapungua na chini hakuna tone, unalegeza nati mbili unasogeza masta mbele kidogo unakuta unyevu. Kupima ni dakika chache tu: injini imezimwa, piga pedali mpaka ile nguvu ya busta iishe, halafu kanyaga ushikilie, kwanza kwa nguvu kisha kwa upole kwa sababu mara nyingi ukikanyaga polepole ndo ugonjwa unajionyesha. Ikishuka na hakuna kinachovuja, shida iko juu, sio kwa magurudumu. Hauamini? Ziba matundu ya masta yenyewe kwa bolti zinazolingana ukanyage tena, na hapo hata ile pampu ya ABS, inayozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, unakuwa umeitoa kwenye lawama. Pedi zikiisha pedali haizami hivyo, na upepo unafanya pedali iwe laini kama sponji. Ni magonjwa tofauti kabisa!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo kijana wake wakati wa kutoa upepo alikuwa anakanyaga mpaka chini kabisa, tena kwa fujo. Siku zote pistoni inatembea sehemu fupi ya mwanzo, huko mwisho kuna kutu na uchafu wa miaka, ukiipeleka huko kwa nguvu raba zinachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali, ni kazi gani hiyo? Walimalizia masta yangu wenyewe na wakanilipisha.

Fundi wa pili akaweka raba mpya ndani ya silinda yenye mikwaruzo, eti akaipiga msasa kwanza. Silinda ya aluminiamu haipigwi msasa, unatoa lile gamba gumu la juu na raba mpya zinaliwa upesi. Na kwa gereji yake nilimuona akiongezea gari ya mtu mwingine oili ya stelingi kwenye kikopo cha breki!! Oili hiyo inavimbisha raba zote, masta, kalipa, paipu, kila kitu.

Aliyenitoa kwa shida ni mzee mmoja mpole. Kwanza alikanyaga, kimya, akaniambia ni masta. Tukatafuta mpya, akaifunga kwa vaisi, akajaza oili, akaunganisha vipaipu viwili vinarudi kwenye kikopo, akawa anasukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yakaisha ndo akaipandisha kwa gari. Paipu alifungua kwa spana ya paipu, nati hazikuviringika. Akaangalia fimbo ya busta isibane pistoni, kwa sababu ikibana breki hazitaachia. Akatoa upepo magurudumu yote manne kwa oili mpya iliyofunguliwa mbele yangu. Pedali sasa iko juu na inakaa.

Nikarudi kwa yule wa kwanza na masta ya zamani mkononi. Ananiambia pedi nazo zilikuwa zinahitaji kubadilishwa. Pedi za zamani ninazo nyumbani, bado nene, mtu yeyote akitaka namuonyesha. Nataka hela yangu ya pedi na ya shuu. Nani hapa ameshawahi kumdai fundi akarudishiwa, alipitia wapi, kwa LC (viongozi wa mtaa) au polisi? Nielekezeni, kesho naenda.