Naomba ushauri: sabuni ya mche na siki vimekatika

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimekwama. Nililoweka maganda ya machungwa kwenye siki nyeupe wiki 2, nikachuja, harufu safi kabisa. Sasa tamaa ikaniponza, nikakwangua sabuni ya mche nikaiyeyusha kwa maji ya moto nikamimina kwenye ile siki ili nipate dawa moja ya kusafishia kila kitu, mara ikakatika kama maziwa yaliyoharibika, mabonge meupe juu na maji chini.

Nimejaribu kuipasha moto na kukoroga, wapi. Nikaongeza bekingi soda kijiko 1, ikafura povu likamwagika meza nzima (bora sikuwa nimefunga chupa!), ilipotulia mabonge yako palepale. Jiki sijaigusa, najua ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu.

Maswali yangu mawili tu: hii niliyonayo inaokoleka au nimwage? Na nikitaka yenye sabuni ndani nitumie nini badala ya siki, isikatike lakini bado ikate mafuta ya jikoni?

Asanteni, chupa bado iko hapa naitazama tu.