Pilau la kiporo nimelipasha mpaka likafuka moshi, mbona tumetapika nyumba nzima?

MamaWawili_Tabata: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Jumamosi tulikuwa na hitma kwa wifi, pilau likabaki sufuria kubwa nikabeba nyumbani saa mbili usiku, friji yangu ndogo halikuenea nikaliacha jikoni limefunikwa vizuri tu. Asubuhi nikalipasha mpaka chini likashika ukoko, halikuchacha wala kunuka, tukala saa nne. Saa saba mtoto wangu wa miaka mitano akaanza kutapika, mara baba yake, mara mimi na dada wa kazi. Sisi wakubwa tumetulia ila mtoto amelegea. Jirani anasema hiyo typhoid nikapime, duka la dawa wanataka kunipa Flagyl. Nifanyeje?

NesiWaZamu: Pole sana mama. Mtoto kwanza. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakti moja kwenye lita moja ya maji uliyochemsha yakapoa, mpe kwa kijiko kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uendelee. Ukiona hanywi kabisa, macho yamezama, hakojoi, ana homa kali au choo kina damu, usingoje kuche, mpeleke kituo cha afya. Typhoid haiji ndani ya masaa matatu, inachukua siku nyingi mwilini kabla hujaumwa, na Flagyl kwa hili haisaidii kitu. Hapo namshuku bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda sana wali.

MamaWawili_Tabata: Asante dada, nimetuma mtu ORS. Ila sielewi, si nimepasha? Moto hauui hao wadudu?

NesiWaZamu: Wadudu unaua, sumu huiui. Yule bakteria anajifungia kwenye spora, yaani kama ganda gumu lisilokufa kwa kuchemshwa, mchele unaiva yeye yupo, wali ukikaa vuguvugu anaamka anazaliana na kutema sumu humo humo. Hiyo sumu ya kutapisha inavumilia hata nyuzi 121 kwa dakika 90, jiko lako la mkaa litaiweza wapi. Na haina harufu, ndo maana hukujua.

Kaka_Mbagala: Mi nabisha kidogo, bibi katulea na kiporo na chai ya rangi miaka yote hakuna aliyeumwa.

MpishiWaShughuli: Kaka, bibi alibakiza bakuli moja, lilipoa upesi. Sufuria la shughuli ukiligusa saa sita usiku katikati bado lina joto, na ukifunika ndo umelitamia kama kuku. Mimi napika shughuli mwaka wa 14 huu, pilau likibaki nalitandaza kwenye masinia membamba lipoe, likishapoa ndani ya masaa mawili linaingia kwenye friji kwa vyombo vidogo vidogo. Kama friji hakuna nagawa watu usiku ule ule waondoke nalo wale, silazi. Hata hotpoti, kama haishiki moto wa kuunguza mkono usiiamini.

MamaWawili_Tabata: Mrejesho jamani, mtoto amekunywa karibu kikombe kizima, amekojoa, saa hizi anaomba uji. Nimelia kwa furaha. Lile lililobaki bado nusu sufuria, nyama imejaa, niwape kuku?

NesiWaZamu: Mwaga mama. Na ORS aendelee kila akiharisha.

MamaWawili_Tabata: Nimeshamwaga. Roho imeuma, lakini nimemwaga lote.