Australia Magharibi walifuta viti vya mashambani katika baraza la juu. Tumjibu vipi anayetaka hivyo Kenya?

BintiKorr:
Hamjambo wanajukwaa. Jumamosi watu wa Marsabit tunaoishi Nairobi tuna kikao South C, na ajenda ni useneta. Mwenzetu mmoja, wakili, anashikilia kwamba kaunti yenye watu wachache haistahili kuwa na seneta sawa na Nairobi. Mfano wake ni jimbo la Australia Magharibi.

Nimesoma mpaka usiku wa manane. Baraza la juu la jimbo hilo lilikuwa na kanda sita, kila moja viti sita: tatu za jiji la Perth, tatu za nje ya jiji. Iliyonigusa ni Mining and Pastoral, nchi ya migodi na malisho, kuanzia Kalgoorlie mpaka Broome na Kununurra kule kaskazini. Ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, na mwaka 2021 ilikuwa na wapiga kura kama 69,000 tu. Kanda moja ya Perth ilikuwa na zaidi ya 400,000, na viti sita vilevile. Sheria ikapitishwa mwaka huohuo, kanda zote zikafutwa, na uchaguzi wa Machi 2025 ukafanywa jimbo zima likiwa eneo moja la viti 37.

Imeniuma. Baba yangu anaishi Korr. Watu wakiitwa kutoa maoni kuhusu mswada, yeye hupanda lori la mbuzi usiku, kifuani ameshika bahasha ya barua ya wazee isirowe, mpaka Laisamis kwenye lami. Safari moja alifika akaambiwa kikao kimehamishiwa Marsabit mjini. Hesabu ya vichwa haimwoni mtu kama huyo. Naomba kujua: kwa nini hasa walifuta?

MwalimuUmoja:
Dada, kilichowafikisha huko ni kura 98. Mwaka 2021 Wilson Tucker, wa chama kilichotaka saa zisogezwe mbele majira ya joto, alipata kura 98 za chaguo la kwanza katika kanda hiyohiyo ya Mining and Pastoral, akaingia barazani. Mpigakura alikuwa akiweka alama kwenye chama kimoja tu, kisha chama ndicho kinachoamua kura iende kwa nani baadaye. Vyama vidogo vikapeana kura. Na wananchi wa jimbo hilo walikuwa wameshakataa kusogeza saa katika kura za maoni nne, ya mwisho 2009! Kwa hiyo hao wa mbali unaowalilia waliwakilishwa na mtu ambaye karibu hakuna aliyemchagua.

BintiKorr:
Asante Mwalimu. Lakini hapo kosa ni la vyama kupeana kura. Utaratibu huo waliufuta pia. Wangeufuta huo na kuiacha kanda.

KijanaKayole:
Sensa ya 2019: Nairobi 4,397,073, Lamu 143,920. Seneta mmoja mmoja. Kwetu Kayole maji ya mfereji yanakuja yanapotaka, tunanunua mitungi. Kwa nini sauti yangu iwe ndogo kuliko ya mtu wa Lamu? Wakili wenu ana haki.

MzeeRongai:
Kijana wangu, malalamiko yako ni ya kweli, ila umeyapeleka mlango usio wake. Bunge la Taifa ndilo linalofuata watu: Nairobi ina maeneobunge 17, Lamu 2, Marsabit 4. Seneti, kwa kifungu cha 96 cha Katiba, inawakilisha kaunti. Mswada unaohusu kaunti ukifika, kila kaunti ina kura moja, kifungu cha 123.

Binti, hapo ndipo pa kumshika wakili. Zile kanda za Australia Magharibi hazikuwa serikali. Hazikuwa na gavana, bunge lake wala bajeti. Zilikuwa mistari ya kupigia kura tu, na ukifuta mstari hakuna serikali inayopoteza mlinzi wake. Kaunti ya Marsabit ina hospitali na wafanyakazi wanaongoja mgao. Kumbuka 2020, kilio cha mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani fedha za kaunti zigawanywe kwa idadi ya watu. Seneti ilikwama kikao baada ya kikao mpaka Septemba, zikaongezwa shilingi bilioni 53.5, na hakuna kaunti iliyopunguziwa. Viti vingegawanywa kwa idadi ya watu, kaunti za kaskazini zingeshindwa siku ya kwanza.

Na muulize hili. Hao hao Australia Magharibi, katika baraza la chini, bado wanahesabu umbali. Wilaya ya uchaguzi ikifika kilomita za mraba 100,000, inaongezewa wapiga kura wa kuhesabiwa tu, wasiokuwepo, sawa na asilimia 1.5 ya ukubwa wake, hivyo hupata mbunge ikiwa na wapiga kura halisi wachache. Yenye kilomita 400,000 inahesabiwa wapiga kura 6,000 wa ziada. Nasi tuna kifungu cha 89: eneobunge lenye watu wachache linaweza kutofautiana na wastani kwa asilimia 40.

BintiKorr:
Mzee, shikamoo na asante sana. Hilo la asilimia 1.5 wakili hakulitaja hata kidogo. Nalichapisha leo pamoja na vifungu vyote vitatu, na nakala moja naipeleka kwa basi la Marsabit, ishukiwe Laisamis, baba aisome mwenyewe. KijanaKayole, karibu Jumamosi saa nane, uje na hoja yako ya maji. Wabunge 17 wa Nairobi waulizwe hiyo mitungi mnainunua mpaka lini.