MJADALA: Mwisho wa Get Out, Peele alifanya sawa kumtoa Chris salama au alikwepa ukweli?

Wadau, naomba hili tuliongee vizuri maana naona linapitiwa juujuu. Kila ikitajwa Get Out, ile muvi ya kutisha ya mwongozaji Jordan Peele, lazima atokee mtu aseme ile muvi ilikuwa na mwisho mwingine, mwisho wa kweli, na jamaa akaubadilisha ili watu watoke ukumbini wanafurahi na hela iingie. Yaani kwamba aliogopa. Mi napinga kabisa na nitasema kwa nini, ila kama hujaiangalia ishia hapa maana namwaga kila kitu.

Kwa waliosahau: Chris ni kijana mweusi mpiga picha, anaenda na demu wake wa kizungu, Rose, kutambulishwa kwa wazazi huko mashambani. Watu wastaarabu, baba mtu anamwambia angempigia Obama kura hata muhula wa tatu kama ingeruhusiwa. Kumbe ile familia kazi yake ni kuwavuta weusi, mama anawalaza kwa kukoroga kijiko kwenye kikombe cha chai, wageni wanawapiga mnada kimya kimya kwa kadi za bingo, halafu baba anawapasua kichwa na kuwapandikiza ubongo wa mzungu aliyenunua. Mwenye mwili hafi, anabaki huko ndani gizani, anaona na anasikia ila hana uwezo hata wa kuinua kidole.

Mwisho tuliouona sinema, Chris ameshawamaliza, Rose yuko chini barabarani na risasi mwilini, Chris anamkaba koo halafu anamwachia, mara taa nyekundu na bluu kama za gari la polisi. Chris ananyoosha mikono juu. Anashuka Rod, rafiki yake anayefanya kazi ya usalama uwanja wa ndege. Mwisho wa kwanza, ambao walishaurekodi kabisa, anayeshuka ni polisi kweli, Rose amefia mikononi mwa Chris, na baadaye tunamkuta Chris jela Rod amekuja kumtembelea anamuomba akumbuke chochote kitakachosaidia kesi, Chris anamwambia yeye ameshawazuia wale watu, imeisha.

Sasa upande wa jela mnasema huo ndo Marekani halisi. Sawa, ndo halisi, nani anabisha? Peele mwenyewe hajaficha alivyofikiria. Alianza kuiandika enzi za Obama anaingia, watu wanatangaziana kwamba ubaguzi umekwisha, kwa hiyo jela ilikuwa kofi la kuwaamsha waliolala. Ila muvi inatoka Februari 2017, na hapo katikati vijana weusi wameshauawa, Trayvon Martin 2012, Michael Brown kwa risasi za polisi Ferguson 2014, watu wameandamana miaka, nani alikuwa bado amelala? Mmoja wa maprodyuza, Sean McKittrick, alisimulia kwamba waliwaonyesha watazamaji wa majaribio ule mwisho wa jela, watu walikuwa wanaipenda muvi kupita kiasi mpaka kufika pale, ikawa kama wote wamepigwa ngumi ya tumbo.

Najua mtasema si unaona, waliwaonyesha watazamaji ndo wakabadilisha, biashara tupu. Hapana. Hebu irudie ile sehemu ya taa. Pale hujaonyeshwa polisi, hujaonyeshwa bunduki, umeonyeshwa taa tu na roho imeshuka mpaka miguuni, kwa nini? Kwa sababu kila kitu ambacho mnataka kionyeshwe tayari unacho kichwani, umekuja nacho ukumbini. Jela ipo kwenye muvi, inakaa zile sekunde chache na kila mtu anaijenga mwenyewe. Na yule mzungu aliyekaa siti ya pembeni ambaye maisha yake yote akiona zile taa anajua msaada umefika, safari hii na yeye anaomba Mungu lile gari lisiwe la polisi. Ungempa chumba cha mahabusu angekaa amuonee Chris huruma kutokea mbali, atikise kichwa, aende nyumbani. Mi sijawahi kuona sehemu nyingine ya sinema inayomhamisha mtu namna hiyo bila kumhubiria hata neno moja.

Halafu kuna kitu sisi Waswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kukisema na hatukisemi. Wimbo wa mwanzo, Sikiliza Kwa Wahenga wa Michael Abels, ni Kiswahili. Miti inapita dirishani, sauti zinanong'ona, zinamwambia ndugu asikilize, akimbie, ajiokoe. Mmarekani anasikia sauti za kutisha tu, we wa Tanga au Mombasa umeshaambiwa muvi nzima kabla haijaanza. Peele alisema alitaka sauti za watu weusi ila muziki usio na matumaini, tofauti na nyimbo za kanisani ambazo huwa zina matumaini hata kidogo, na kuna mdau alinibana na hilo, kwamba kama muziki hauna matumaini mbona mwisho unayo. Lakini fikiria, mtu haambiwi kimbia kama hawezi kuponyoka. Wale wahenga wao hawakupona, ndo maana wanamwonya aliye hai. Ukimpeleka Chris jela unataka kuniambia walimwita bure.

Mwingine atasema we umezoea stelingi hafi ndo maana. Aisee kwenye muvi za kutisha za Marekani mweusi ndo alizoeleka kufa, tena mapema. Hata aliyewahi kuwa stelingi, Duane Jones kwenye Night of the Living Dead ya George Romero mwaka 1968, anapona usiku kucha halafu asubuhi anapigwa risasi na kundi la wazungu waliokuja kuokoa watu. Mwaka ule ulikuwa mwisho wa kishujaa na bado unauma. Ila kurudia kilekile miaka karibu 50 baadaye ndo uniambie ni ujasiri?

Tena mnasema Rod ndo aliyemuokoa. Rod amekuta kazi imeisha! Chris amefungwa kwenye kiti, anachimbua pamba iliyomo kwenye mkono wa kiti anaziba masikio asilazwe. Pamba, jamani. Kitu ambacho mababu walichapwa viboko wakichuma ndo kinamtoa, na muvi haisimami kukueleza, inapita tu. Rod ameleta usafiri.

Kuhusu hela sitakaa sana. Muvi ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, ikapigwa siku 23 huko Alabama, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 dunia nzima, na Machi 2018 Peele akawa mweusi wa kwanza kuchukua Oscar ya skripti asilia. Kampuni ya Jason Blum iliyoitengeneza inajulikana kwa mtindo huo, bajeti ndogo na mwongozaji anaachiwa uhuru, kwa hiyo ile picha ya bosi wa studio kashika kalamu anafuta jela mimi siioni.

Mahali mnaponibana kweli ni tuzo za Golden Globes. Muvi iliingizwa kwenye kundi la vichekesho, na sidhani kama ingewezekana kirahisi kama ingeisha kwa Chris jela. Ile pumzi ambayo Rod anatupa ndo iliyompa mtu kisingizio cha kuita mnada wa binadamu kichekesho. Peele alijibu kwamba ile ni dokumentari, na bado iliniuma. Hiyo ni gharama na siikatai, ila lawama waichukue waliopanga makundi.

Suala la mwigizaji Samuel L. Jackson kuhoji kwa nini apewe Mwingereza nafasi ya Mmarekani mweusi tuliweke kando, ni mada yake. Nitasema tu Daniel Kaluuya, aliyemcheza Chris, ni mtoto wa Waganda aliyezaliwa London, na lile chozi lake akiwa kwenye kiti hakuna anayeliangalia akauliza pasipoti.

Kwa hiyo nyie wa jela nijibuni hivi: mtu mweusi aliyelipa tiketi Chicago au Atlanta mwaka 2017, mwisho wa jela ungemwambia kitu gani ambacho hakukijua kabla hajatoka nyumbani? Na msinijibu kwamba ni kwa ajili ya wazungu waone, maana hapo tutakuwa tumekubaliana muvi haikuwa yetu.