Pai ya mboga ya sikukuu: chini inabaki mbichi

Swali: Jamani, nina wageni 8 wasiokula nyama. Pai yangu ya spinachi na uyoga juu inaiva vizuri, chini imelowa kama uji. Nakosea wapi?

Jibu: Hayo ni maji ya mboga. Kaanga uyoga gramu 400 kwenye kikaango kipana, moto mkali, bila mfuniko, mpaka ukauke; chumvi tia mwishoni. Spinachi gramu 500 chemsha dakika 1, ikipoa ikamue kwa kitambaa mpaka libaki donge kama ngumi. Usijaze ikiwa ya moto, siagi ya kwenye unga itayeyuka kabla ya kufika oveni.

Jibu: Unga wenyewe: gramu 300, siagi baridi 150, maji ya barafu vijiko 5 vya chakula. Ukikanda sana unakuwa mgumu. Nusu saa kwenye friji. Nyunyiza chembe za mkate mkavu chini, toboa tundu juu, oka juu ya trei iliyokwisha pata moto, nyuzi 200, dakika 40.

Swali: Naweza kuiandaa siku moja kabla?

Jibu: Ndiyo, ikae friji ikiwa mbichi. Yai paka wakati wa kuoka tu; wasiokula mayai, paka maziwa.