Kizalishaji cha msimbo: faili za include zitafutwe kwa -I, kigeu cha mazingira au faili ya mipangilio?

msukamsimbo:
Wakuu, nina programu inayosoma skima (faili zinazoeleza muundo wa data) na kuzalisha msimbo wa C++ na Python. Skima moja huiita nyingine kwa `include "kawaida/tarehe.sk"`, na mpaka sasa natafuta kuanzia kwenye folda ya faili inayoita, basi. Mradi umekua, skima zimetawanyika, watu wameanza kuandika `../../../kawaida/tarehe.sk`. Ukihamisha faili moja, kumi zinavunjika.

Naona njia tatu: opsheni ya `-I` inayotaja folda ya kutafutia na inayoweza kurudiwa, kama ya GCC (kompaila ya C na C++), kigeu cha mazingira chenye orodha ya folda, au faili ya mipangilio kwenye mzizi wa mradi. Mngechagua ipi?

kipanga_77:
Kigeu cha mazingira kiondoe kabisa. Najua GCC ina `CPATH` na SWIG (zana ya kuunganisha msimbo wa C/C++ na lugha nyingine) ina `SWIG_LIB`, lakini niliwahi kupoteza siku mbili kwa jambo hili. Kwangu mradi ulijengeka, kwenye seva ukagoma. Kumbe nilikuwa na kigeu nilichokiweka zamani nikakisahau, na amri yenyewe haikuonyesha lolote. `-I` inaonekana kwenye logi, kila mtu anaisoma.

nyuzi_saba:
Naunga mkono `-I`, ila jihadhari na mpangilio wake. GCC ikikuta `#include "x.h"` huanza na folda ya faili inayoita, halafu folda za opsheni za `-iquote`, halafu `-I`, halafu `-isystem`, mwisho folda za mfumo. Inayopatikana kwanza ndiyo inayochukuliwa, kimya kimya. Ukiwa na `tarehe.sk` mbili, mtu akigeuza mpangilio wa `-I` utapata msimbo tofauti bila onyo.

protoc, kizalishaji cha msimbo cha Protocol Buffers, ni kali zaidi. Ukiipa faili iliyofunikwa na nyingine ya jina lilelile kwenye folda iliyotangulia, inakataa. Inakataa pia faili isiyokuwa ndani ya folda yoyote ya `--proto_path` (kwa kifupi `-I`).

msukamsimbo:
Hilo la pili limewahi kunikera. Nimeitajia faili kwa njia kamili, ipo kwenye diski, inakataa kwa sababu gani?

nyuzi_saba:
Kwa sababu inahitaji kujua faili hiyo inaitwaje. Kwa protoc, jina la faili ni njia yake kuanzia kwenye folda mojawapo ya `-I`. Ukitoa `-I.` faili ni `skima/a/b.proto`, ukitoa `-Iskima` faili hiyohiyo ni `a/b.proto`. Ikifikiwa kwa majina yote mawili ndani ya amri moja, aina zake zinahesabika kufafanuliwa mara mbili, na unapata kosa. Ndiyo maana `import` yake haijali kabisa faili inayoita iko folda gani.

Kompaila ya C inaweza kulipuuza hili, kwani kinga za header (include guards) zinazuia marudio. Kizalishaji hakiwezi, mkuu. Jina la skima linaingia kwenye matokeo: jina la header, mstari wa `#include` ndani ya msimbo uliozalishwa, jina la moduli ya Python. Kabla ya kuuliza faili itafutwe wapi, amua itaitwaje.

msukamsimbo:
Sasa naelewa kosa langu la wiki iliyopita! Skima moja iliita `../kawaida/tarehe.sk`, nyingine `kawaida/tarehe.sk`. Nikapata miundo miwili ya `Tarehe`, na C++ ikasema haifanani. Nilidhani ni mdudu kwenye kiolezo.

mjenzi_k:
Msizike moja kwa moja njia zinazoanzia folda ya faili inayoita. Thrift, kizalishaji kingine cha msimbo, huanza na folda ya faili inayoita kisha folda za `-I`, na kwa mradi mdogo ni raha.

Kuhusu faili ya mipangilio, iweke, lakini iwe njia ya kuandika orodha ileile ya `-I`, isiwe mfumo wa pili. Zana za kujenga miradi kama Bazel huendesha amri kwenye folda zao zenyewe, lazima ziweze kupitisha kila kitu kwa opsheni. Na njia zilizomo zihesabiwe kutoka faili ya mipangilio ilipo. SWIG huangalia kwanza folda uliyopo, kwa hiyo kuhamia folda nyingine kunaweza kubadilisha kinachopatikana.

Faili ikikosekana, chapisha kila folda uliyojaribu, kwa mpangilio. Na uweze kutoa orodha ya faili zilizosomwa, kama `--dependency_out` ya protoc, ili Make (zana ya kujenga mradi) ijue lini izalishe upya.

msukamsimbo:
Nimeamua: `-I` ndiyo msingi, mipangilio inaijaza, kigeu hakipo. Jina la skima ni njia kutoka kwenye mzizi wake, yaani folda ya `-I`, na `..` ndani ya include ni kosa. Jina likipatikana kwenye mizizi miwili nasimamisha kazi na kutaja faili zote mbili.

kipanga_77:
Likague hilo la mwisho kwa faili halisi baada ya kufuata viungo vya mfano (symlink). Folda moja ikipitishwa mara mbili kupitia kiungo, utasimamisha kazi bila sababu.