Choo au chakula: pesa za kupambana na udumavu zianzie wapi?

Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu (ameanzisha mada)

Kila msimu wa bajeti, kwenye vikao vya maoni ya wananchi, hoja huwa zile zile mbili. Mmoja anashika maikrofoni anasema watoto wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao, kwa sababu ya uchafu, tujengewe vyoo na tuletewe maji. Anayefuata anasema wamedumaa kwa njaa, wapewe chakula. Karani anaandika yote, watu wanapiga makofi, na kitabu cha bajeti kikitoka hujui ni hoja ipi iliyosikika. Naomba tulijadili hapa bila haraka, maana jambo hili limeshapimwa, tena si ng'ambo, ni hapa hapa magharibi mwa Kenya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Pesa zinazoitwa za kupunguza udumavu zianzie kwenye chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 24. Maji na vyoo vipewe fungu lao, kwa sababu zao.

Kuanzia 2012 watafiti waliandikisha wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Vijiji viligawanywa kwa kura. Kwingine maji yalitiwa klorini, kwingine vyoo viliboreshwa, kwingine watu waliwekewa mahali pa kunawa na sabuni, na kwingine walipata yote matatu. Kulikuwa na vijiji vya lishe peke yake, na vya lishe pamoja na hayo matatu. Vingine vilibaki vya kulinganishia. Lishe hapo maana yake ni ushauri wa kunyonyesha na kulisha, pamoja na pakiti mbili ndogo kwa siku kuanzia miezi 6: karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini.

Matokeo yalitoka 2018. Klorini, choo na sabuni, ziwe moja moja au zote pamoja, hazikuongeza urefu wa watoto. Hata kuhara hakukupungua, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Penye lishe watoto walirefuka zaidi, na kuongeza maji na vyoo juu ya lishe hakukuleta tofauti ya maana.

Sasa tusidanganyane kuhusu huo urefu. Mtoto wa miaka miwili katika vijiji vya kulinganishia alikuwa, kwa wastani, amepungukiwa na karibu sentimita 5 ukimlinganisha na kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Lishe ilimrudishia chini ya nusu sentimita. Ni kidogo, lakini ndicho kitu pekee kilichosogeza kipimo. Karibuni.

Fundi wa mabomba, Manyatta

Nimekusoma hadi mwisho ndugu yangu, na nina ugomvi na wewe.

Huo utafiti haukujaribu maji. Ulijaribu dawa ya klorini kisimani. Mama bado anabeba mtungi kichwani, anatia dawa siku anayokumbuka, anaacha siku imeisha. Choo nacho kinaboreshwa boma hili, boma la pili hakuna, na kuku wanaingia jikoni na kutoka wapendavyo. Mtoto anayetambaa anaokota kinyesi cha kuku na kukipeleka mdomoni, wewe umeniletea kibamba cha plastiki cha kufunika shimo. Mimi nikisema maji, nasema mfereji ndani ya kiwanja, maji yasiyokatika. Nikisema choo, nasema mtaa mzima. Hilo halijawahi kupimwa katika vijiji vyetu, kwa hiyo usiseme limeshindwa.

La pili ni kipindupindu, ambacho hapa Kisumu tunakijua. Halikuji na rula kupima urefu, gonjwa lile. Michael Kremer, yule mwanauchumi aliyefanya kazi Busia miaka mingi na kupata Nobel 2019, alikusanya na wenzake majaribio ya kusafisha maji kutoka nchi mbalimbali. Walikuta kwamba maji yakisafishwa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vinapungua kwa karibu robo. Kwa hiyo wewe unapima sentimita, mimi nahesabu waliobaki hai.

Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu

Fundi, la mfereji nakubaliana nawe kwamba halikujaribiwa. Lakini tazama kinachopitishwa kwenye bajeti kwa jina la udumavu. Si mfereji wa kila kiwanja. Ni kibamba, ndoo yenye bomba, na semina ya kunawa mikono. Yaani ni kile kile kilichojaribiwa. Hicho ndicho ninachopinga kisiuzwe kwa wananchi kama dawa ya ufupi. Zimbabwe na Bangladeshi walifanya majaribio ya namna hiyo hiyo, na huko pia lishe iliongeza urefu, vyoo na maji havikuongeza.

Kuhusu uhai hatupingani. Ndiyo maana nasema maji yapewe fungu lake.

Muuguzi, kliniki ya watoto, Kakamega

Naingilia kati kwa mawili.

Fundi, hoja ya uhai si ya maji peke yake. Majaribio 18 ya hizo pakiti, yenye watoto zaidi ya 41,000, yalipojumlishwa, vifo kati ya miezi 6 na 24 vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 27 kwa waliopewa. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu waliobaki hai, hesabu pande zote mbili.

La pili ni kwa wote wawili. Mnabishana kuhusu urefu ambao kliniki zetu nyingi hazipimi sawasawa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala kwenye ubao. Mtu mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yatazame dari. Mwingine anabana magoti yanyooke kisha anasukuma kibao cha chini hadi kwenye nyayo. Mtoto analia, anakunja mguu mmoja, foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja na mama hajawahi kufundishwa kushika kichwa. Unasoma 74.5, ukirudia unasoma 75.3. Hapo umeshapoteza zaidi ya hiyo nusu sentimita mnayoizungumzia. Kwenye utafiti inaonekana kwa sababu watoto ni maelfu na wapimaji wamenolewa. Kwa mtoto mmoja mbele yangu haionekani.

Matokeo yake tunapima kilo na kujaza kijitabu cha kliniki cha mtoto. Kilo nazo hazisemi ni nyama au mafuta. Nimeona watoto wengi wenye kilo zinazoridhisha, wafupi, wamelelewa kwa uji mweupe na sukari. Mstari wa kijitabu unapanda vizuri, mama anaenda nyumbani amefurahi. Kule Embu, 1998, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa nyama, maziwa au mafuta kwenye githeri (mahindi na maharagwe) ya shule. Urefu kwa jumla haukubadilika sana, isipokuwa waliopewa maziwa ambao tayari walikuwa wafupi. Lakini waliokula nyama misuli ya mkono iliongezeka kuliko wenzao, na kwenye mtihani wa kufikiri walifanya vizuri zaidi. Mkipima urefu tu, chakula kinaonekana kimefanya kidogo kuliko kilivyofanya.

Baba Pacha, Luanda, Vihiga

Mimi nina swali la kawaida. Nani alisema sisi lazima tuwe warefu? Babu yangu alikuwa mfupi, alilima ekari zake na kusomesha watoto saba. Hicho kipimo cha Shirika la Afya kimetoka kwa Wazungu, halafu wangu wanaitwa wadumavu.

Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu

Mzee, swali lako ni halali. Kipimo kinachotumika tangu 2006 kilitokana na watoto wa miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra ya Ghana, Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya Marekani. Walichaguliwa waliokuwa wananyonyeshwa, wanaolishwa vizuri, na mama zao hawavuti sigara. Wa Accra na wa Oslo walikua kwa namna inayokaribiana mno hadi miaka mitano.

Na tazama nyumbani. Mwaka 2008/09 watoto wa Kenya waliodumaa walikuwa asilimia 35. Mwaka 2014 wakawa 26. Mwaka 2022 wakawa 18. Damu ya babu zetu haikubadilika katika miaka hiyo. Mtoto mmoja anaweza kuwa mfupi kwa kurithi, huyo hana tatizo lolote. Ila kijiji kizima kikiwa pungufu kwa sentimita 5 tangu umri wa miaka miwili, hapo si kurithi.

Muuza omena, Dunga

Mimi hizo pakiti ndizo zinanisumbua. Ziwa liko mlangoni, halafu mtoto wa Kisumu aletewe chakula cha pakiti. Omena, yaani dagaa wa ziwani, analiwa mzima, na mifupa yake. Sehemu kubwa ya omena tunaoanika hapa inanunuliwa na viwanda vya chakula cha kuku. Kaunti inunue gorogoro zake, isage unga, uchanganywe kwenye uji wa wimbi.

Na tusisahau mama mwenyewe. Anatoka saa kumi na moja alfajiri kuja ufuoni kununua, anarudi saa tisa mchana. Mtoto wa miezi minane kaachiwa dada yake wa miaka kumi. Atapewa chai ya rangi na mandazi iliyolowekwa, kwa sababu ndicho kitu ambacho mtoto wa miaka kumi anaweza kukitengeneza bila kuwasha moto. Mje na semina zenu za ulishaji, nani yuko nyumbani wa kuzisikiliza?

Muuguzi, kliniki ya watoto, Kakamega

Dada wa Dunga umesema jambo zito. Ekwado walimpa mtoto yai moja kila siku kwa miezi sita na udumavu ulipungua karibu nusu. Malawi wakarudia huko Mangochi, kando ya ziwa, na urefu haukuongezeka. Kule watoto tayari walikuwa wakila samaki. Kwa hiyo kinachofaa Bumula, kule Bungoma, huenda kisiongeze kitu Dunga, na kaunti zinanunua kwa mpango mmoja wa kutoka Nairobi.

Mhudumu wa afya ya jamii, Bumula

Pakiti zikija kwenye boma lenye watoto wanne, wanne wanalamba. Huwezi kumkataza mama asimpe wa miaka mitatu anayemtazama. Ukipanga hesabu, panga na hao. Sisi wahudumu tunalipwa 5,000 kwa mwezi, nusu Serikali Kuu nusu kaunti, na nusu ya kaunti ikichelewa, ziara zinapungua. Huku kwetu viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilienea kwa sababu wajawazito walipewa vocha za mbegu kliniki na kulikuwa na mtu wa kufuatilia shambani.

Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu

Basi narekebisha pendekezo kwa haya mliyoleta. Pakiti ziende kule chakula kimekosekana kweli, zihesabiwe kwa watoto wa boma, si kwa mtoto mmoja. Ufuoni na sokoni, pesa ziende kwenye unga wa omena na kwenye mahali pa kulelea watoto asubuhi, penye mtu mzima na jiko. Kila kliniki ipate ubao na mtu wa pili wa kushika kichwa.

Fundi, nakuuliza wewe hasa. Utakubali mstari wa maji uandikwe vifo na kipindupindu, wa lishe uandikwe ukuaji, na kila mmoja ukaguliwe kwa kipimo chake mwisho wa mwaka?

Fundi wa mabomba, Manyatta

Nakubali kuandikwa. Lakini mkichukua shilingi ya mfereji wa Manyatta mkaiweka kwenye unga wa omena, nitakuja kikaoni kuwapinga, na nitakuja na majirani.